Sahani Isiyo na Sukari

Copenhagen, Jumapili 14 Februari 1988

Dada Vibeke,

Kwanza nikuulize, kuna barua imefika huko wodini? Siulizi kwa sababu yoyote. Nasikia tu kwamba msimu huu watu wanatumiana barua za matobo, karatasi imekunjwa ikakatwakatwa kwa makasi, ua la theluji ndani, lile jeupe linalochanua kabla baridi haijaisha, shairi, na mahali pa jina nukta tupu, moja kwa kila herufi. Sasa ukipata ya hivyo, yenye nukta tano, kazi kwako kukisia ni nani. Ukishindwa, yai la chokoleti siku ya Pasaka, na safari hii nataka lile kubwa lenye utepe. Tangu nina miaka sita hujawahi kunikisia hata mara moja. Dada mzima, mwalimu wa shule!

Haya, sasa sikiliza, maana siwezi kukaa kwenye kiti. Chachu yako imefika kwetu maabara!

Ijumaa lilikuja kasha la posta kutoka hospitali yenu ya Aalborg, ndani kachupa, juu ya kachupa jina lako na tarehe yako ya kuzaliwa. Mimi ni wa jikoni tu, kuosha vyombo na kupika jeli ya sahani za kuoteshea vijidudu, hakuna anayenionyesha makasha. Lakini Inger-Lise, yule mtafiti wa fangasi, aliliacha mezani akaenda kula. Nikachungulia. Dada, iko pale! Kile kitu walichokikuta kwenye damu yako baada ya ile homa ya Januari. Kinang'aa, cheupe kama krimu, na kinanukia mkate. Naapa. Ni ndugu wa hamira ya mama, yule ndugu ambaye kila ukoo unaye na hakuna anayemwalika.

Wenzangu wakicheza karata saa ya chakula mimi nasoma vitabu vya rafu ya Inger-Lise, kimoja baada ya kingine. Nimesoma kwamba chachu hizi zina njaa ya chuma. Na chuma chako kimefungiwa wapi? Ndani ya chembe nyekundu za damu. Basi zile kali zinatema kitu, kinatoboa chembe, chembe inapasuka, zenyewe zinalamba kilichomwagika. Zile pole haziwezi.

Na unaweza kuona kwa macho! Unapika jeli ya mwani, ikipoa kiasi cha shavu kuivumilia chupa, unamimina damu ya kondoo, unaigandisha kwenye sahani. Unapaka chachu juu, unaweka kabati la joto. Ikiwa inatoboa damu, pembeni yake panatokea duara jeupe, angavu, gazeti unalisoma kupitia hapo. Ikiwa haitoboi, wekundu unabaki palepale.

Nimeiba mguso mmoja wa chachu yako kwa ncha ya waya. Sahani imo kabatini, nimeificha nyuma ya sahani za watu wa Odense. Nikijua, utajua.

Usimwambie mtu.

Eskil


Aalborg, wodini, Jumatano 17 Februari

Wewe kichaa,

Katika Denmark nzima mtu pekee aliyefurahi kwamba nina fangasi kwenye damu ni mdogo wangu wa kuzaliwa naye. Nimemsomea mama wa kitanda cha pili, amecheka mpaka mshono umemuuma. Kwa hiyo kuna mtu ameshaambiwa. Samahani.

Barua ya matobo imefika kweli. Nukta tano. Nimeuliza wodi nzima. Kirsten wa zamu ya asubuhi anasema ni mpenzi wa siri. Mama wa kitanda cha pili anasema ni mchungaji, maana shairi lake ni baya. Bado nafikiri.

Sasa la kweli, halafu tusilirudie. Daktari wetu Mogens anasema chachu imejenga kiota ndani ya mpira wangu wa kifuani, huu ulioingizwa mshipani, na dawa hainyooshi mkono ikafika kiotani. Anataka mpira utoke. Wewe unaujua huu mpira, Eskil. Tangu wanikate utumbo, chakula changu chote kinapita humo. Mishipa mingine yote imeziba, huu ndio wa mwisho unaokubali. Ukitoka, nitalala hapa na visindano vya mikononi, na hakuna anayeniahidi kwamba watapata njia nyingine. Ukibaki, narudi nyumbani na chupa zangu.

Na tarehe kumi na saba Aprili Signe anapata kipaimara. Gauni nimelishona nusu, mkono mmoja haujawekwa. Wimbo wa mezani haujaandikwa hata ubeti, na akiandika shemeji yako Aksel, wageni arobaini watasimama kuimba kuhusu trekta. Mtoto ananiuliza kila akija, "Mama, utakuwepo lakini?" Namwambia, "Nisiwepo niende wapi?"

Mogens ni mtu mwema lakini anasema "labda" kwenye kila sentensi. Kwa hiyo hiyo sahani yako. Niambie tu, ina meno au haina?

Vibeke


Copenhagen, Jumamosi 20 Februari

HAINA MENO!

Dada, nimeitazama mpaka macho yameniuma. Nimeiweka juu ya taa, nimeipeleka dirishani, nimeigeuza chini juu. Chachu imestawi, mistari minene kama siagi kwenye mkate, na damu pembeni yake ni nyekundu tu! Hakuna duara. Hakuna hata kivuli cha duara. Niliweka sahani ya pili yenye bakteria wa koo, wale wanaojulikana kwa ulafi wa damu, ili nilinganishe. Wale wamekula mpaka sahani inaonyesha vidole vyangu upande wa pili. Ya kwako imekaa kwenye damu kama mgeni wa harusini asiyejua kucheza.

Yaani ni ya pole! Imo mwilini, ndiyo, lakini kuitoboa damu yako haiwezi. Mogens hajaiona hii, Mogens ana karatasi tu, mimi nimeishika mkononi. Ningekuwa wewe ningeubakiza mpira mpaka kipaimara kipite. Tumia ile dawa yao ya fangasi, nenda nyumbani, shona huo mkono, andika wimbo. Baada ya hapo watoe wanachotaka.

Nimeruka jikoni mpaka nimevunja chupa mbili. Nimewaambia zilikuwa na ufa.

Na zile nukta tano? Umefika wapi?

Eskil


Aalborg, Jumanne 23 Februari

Mdogo wangu,

Mpira unabaki. Nimemwambia Mogens leo asubuhi. Amekaa kitandani kwangu, amevua miwani, ameivaa tena, kisha akasema, "Vibeke, labda..." Nikamwambia, "Mogens, labda yako nimeishiba, na ndicho chakula pekee nilichokishiba mwaka huu." Amecheka kidogo. Hakukaa sana.

Dawa yao ya fangasi inanitetemesha mpaka kitanda kinatembea. Chupa zangu za chakula wameziongeza, za sukari na zile za mafuta, ninenepe kabla ya kwenda nyumbani. Kirsten ananiita Nguruwe wa Krismasi. Na kweli mambo yote ni ya Krismasi, maana siku hizi nakojoa kama bia nyeusi ya sikukuu, povu ndilo limekosekana. Usimwandikie mama hilo.

Ubeti wa kwanza wa wimbo umekamilika. Trekta haimo.

Nukta tano bado zinanitesa. Nimefikiria sana mkuu wa posta.

Vibeke


Copenhagen, Alhamisi 3 Machi

Vibeke,

Nimepiga simu juzi Jumanne, Kirsten akasema umelala. Leo nimepiga tena, akasema umelala. Nimemwambia akueleze, lakini sijui kama amenielewa, nilikuwa nalia. Kwa hiyo naandika, na barua hii naikimbiza stesheni mwenyewe.

Toa mpira. Waambie watoe leo.

Jumanne nilijigamba. Nilimwonyesha Inger-Lise sahani, nikamwambia nimeigundua chachu pole. Aliitazama, akanitazama.

"Umeipika kwa kanuni ipi?"

"Ya sahani za damu. Ya siku zote."

"Ya bakteria."

"Ndiyo, ya bakteria."

"Sukari umeweka?"

Nikacheka. Dada, nilicheka! Maana jikoni kwetu kitu cha kwanza unachofundishwa, kabla hata ya kuonyeshwa choo kilipo, ni kwamba damu na sukari havikai sufuria moja. Ukiweka sukari, bakteria wanatengeneza asidi, maduara yanasomeka vibaya, sahani zote ni za kumwaga. Mwaka jana kuna mtu alifukuzwa kwa kukosea hapo. Nikamwambia, "Mimi siyo mjinga, siweki sukari kwenye damu."

Akasema, "Hao ni bakteria, Eskil. Chachu bila sukari ni mlevi kanisani, atakaa kimya mpaka umfungulie chupa. Mpe sukari ndipo umwone." Akaniuliza, "Hii ya nani lakini?" Nadhani aliisoma usoni kwangu, maana alikaa chini.

Nikapika upya saa ileile, sukari ndani. Leo nimefungua kabati. Vibeke, ina duara. Siyo duara, ni dirisha. Nimeweka sahani juu ya gazeti nikasoma tangazo la samani, neno kwa neno, mahali palipokuwa na damu.

Na wewe unalishwa sukari. Humohumo kwenye mpira. Wanammiminia mlevi bia ndani ya kiota chake kila siku, na ule mkojo mweusi haukuwa kichekesho. Ni chembe zako zinapasuka zinatoka. Nilisoma barua yako nikacheka nikaenda kulala.

Nimekwambia uubakize. Mimi. Mwosha chupa.

Jumamosi napanda treni.

Eskil


Aalborg, Ijumaa 4 Machi

Eskil wangu,

Kirsten alikuja akasema, "Ndugu yako amepiga simu analia sukari, sukari." Alidhani umefungua duka la keki.

Sasa tulia, kaa chini, soma polepole. Hayo yote ya sukari Mogens alishanieleza tangu mwanzo, kabla sahani yako haijaingia kabatini. Nilijua. Na nilikuwa nimeshaamua mpira ubaki siku ileile aliponiambia. Nilikuuliza habari ya meno kwa sababu unapenda kuulizwa. Barua yako ilinifurahisha, basi, haikubadilisha kitu. Umenielewa? Mimi ni mtu mzima mwenye kichwa changu, siendeshwi na sahani ya kitoto cha miaka ishirini na mbili.

Na kwa taarifa yako, mpira wameshautoa. Jana. Kwa hiyo hata hofu yako imechelewa.

Jumamosi usije. Wodini kuna mafua, wamezuia wageni wote, utafika utakaa kwenye ngazi na mkate wako wa safari. Njoo kwenye kipaimara. Gauni limebaki pindo tu.

Mwandiko umenichezacheza, ni hivi visindano vya mkono.

Halafu umenishinda tena. Nukta tano! Nimejaribu majina yote ya Jutland. Yai lako utalipata.

Dada yako


Thisted, Jumatano 23 Machi

Shemeji Eskil,

Mimi siyo mwandishi, unajua. Nimeanza barua hii tangu Jumapili.

Siku ya mazishi, pale mlangoni kwa kanisa, ulinishika mkono ukasema, "Angalau aliamua mwenyewe, Aksel. Aliniandikia." Signe alikuwa amesimama kati yetu. Sikujibu. Ulidhani nalia. Nilikuwa nimebana meno.

Sasa nakujibu, halafu sitalisema tena maisha yangu.

Alikuwa ameshakubali mpira utoke. Ijumaa ile ya tarehe kumi na tisa tulikaa na Mogens sisi watatu, Vibeke akasema sawa, toeni, kipaimara nitakisikiliza kwa simu. Alilia, akamaliza, akauliza saa ngapi. Ilikuwa iwe Jumanne asubuhi. Jumatatu ikaja barua yako. Mimi nilikuwepo. Aliisoma kwa sauti, wodi nzima ikasikia, lile neno HAINA MENO alilisoma mara mbili. Mama wa kitanda cha pili akapiga makofi. Nikamwambia, "Eskil siyo daktari." Akanijibu, "Eskil ameishika mkononi." Asubuhi akamkatalia Mogens.

Habari ya sukari hakuna aliyewahi kumwambia. Mogens mwenyewe aliishika kutoka kwenye simu yako kwa Kirsten, akaenda kutafuta vitabuni, kisha akakaa naye muda mrefu mlango umefungwa. Mpira waliutoa Alhamisi hiyo jioni, tena haraka. Hilo hakukudanganya. Lakini damu ilikuwa imeshakuwa maji. Walimwongezea ya watu wengine, nayo ikapasuka. Figo zikafuata.

Hakukuwa na mafua yoyote wodini. Mimi na Signe tulikuwa pale Jumamosi nzima, na Jumapili. Nilimwambia, mwache kijana aje. Akasema, "Akiniona rangi yangu atajua. Sitaki ajue." Ile rangi ya manjano, shemeji. Mpaka machoni.

Sikuandikii ili nikuumize. Au labda ndivyo, sijui. Siwezi kukaa na watu mezani wakisema aliamua mwenyewe.

Kwenye droo yake kulikuwa na kifurushi chenye jina lako. Nimekituma kama nilivyokikuta. Sijafungua.

Kipaimara kipo palepale. Signe anauliza kama utakuja. Njoo au usije. Mimi nitakupa mkono kama mtu yeyote, lakini usinitazame sana.

Wimbo una beti mbili. Hakuna wa kuumalizia.

Aksel


(Ndani ya kifurushi: karatasi nyeupe, imekunjwa mara nne na kukatwa kwa makasi. Matobo yake yote ni ya duara. Ndani ua la theluji lililokauka.)

Karatasi nimekata,
jina langu ni nukta,
ukijua utapata
yai tamu la Pasaka.

. . . . . .


Copenhagen, Jumapili ya Pasaka, 3 Aprili

Vibeke,

Kifurushi kimefika. Yai ndilo, lile kubwa lenye utepe. Limekaa dirishani, jua limelipiga upande mmoja, limeanza kulainika. Siwezi kuligusa.

Jikoni sijarudi. Inger-Lise alikuja mpaka chumbani kwangu, akapanda ngazi zote zile, akasimama mlangoni na koti lake. Akasema kosa la kanuni linampata yeyote. Nikamwambia yeyote haandiki barua. Aliniuliza sahani zile mbili azimwage au aziache. Nikamwambia ya kwanza amwage. Ya pili imo humu ndani, nimeifunga kwa plasta. Nimeweka barua yako ya matobo juu yake na nikaziinua pamoja mwangani. Matobo yako na duara lake yanalingana, dada. Ulikata nini? Ulikuwa unakata theluji tu, najua. Ulikuwa na kimakasi cha kucha na mikono iliyovimba kwa sindano. Lakini mimi sasa nikiona kitu chochote cha duara, namwona anayekula.

Aksel ameniandikia. Kwa hiyo najua.

Nilipomaliza barua yake nilitoa yako ya tarehe nne nikaisoma mpaka ikachanika pale penye mkunjo. Jinsi ulivyoipanga! Unanichokoza kwanza, halafu unanikemea, halafu unanifukuza nisije, halafu mwishoni kabisa, kama umeikumbuka njiani, kwamba nimekushinda tena. Nukta tano.

Hapo ndipo nilipokaa sakafuni.

Nyumbani kwetu tulikuwa wanne. Mama ni Gudrun, baba alikuwa Thorvald, wewe, na mimi. Nani mwingine pale ndani alikuwa na jina la nukta tano? Nilikuwa na miaka sita, nakata karatasi kwa meno ya makasi, gundi mpaka kwenye nywele, naipitisha chini ya mlango wa chumba chako na vidole vyangu vinaonekana. Na wewe unakuja mezani umekunja uso, unasema, "Jamani, nukta tano, huyu ni nani? Ni mwenye maziwa?" Mimi nakufa kwa kicheko chini ya meza. Miaka kumi na sita, kila mwaka yai. Mimi nilikuwa nawaambia watu dada yangu ana akili, lakini kwenye kukisia ni zuzu.

Hukuwahi kushindwa hata mara moja. Ulikuwa unadanganya tangu mwanzo, na ulidanganya hadi wiki ya mwisho, kwa sauti ileile, na mimi niliamini kwa sauti ileile. Jumamosi ile sikupanda treni. Nilikula mkate wa safari kitandani, nikisema, basi, aliamua mwenyewe.

Signe ameniandikia pia, kadi ndogo. Anataka nimalizie wimbo. Anasema mama yake alisema, kama mtu ataumaliza, awe Eskil, maana mashairi yangu ni mabaya na watu watacheka. Nimekaa na kalamu. Sijui neno la kuweka baada ya ubeti wako wa pili. Nitakwenda. Nitasimama mwisho wa meza, nitampa Aksel mkono, na sitamtazama. Wageni watauliza habari ya kazi yangu.

Lakini leo ni Pasaka, na kisheria ni leo mtu anatakiwa kusema amekisia nani. Nimeshinda na barua yako tangu asubuhi. Nukta sita. Nimefikiria sana. Labda ni mchungaji wenu. Labda mama wa kitanda cha pili. Labda mkuu wa posta.

Nimeshindwa, dada. Mwaka huu mimi ndiye ninayedaiwa yai.

. . . . .